Binti wa mlinzi na piano ya Medellín

Kila jioni nasafisha shule ya muziki ya manispaa, hapa Ujerumani. Nikifika kwenye chumba chenye piano kubwa namkumbuka Teresita Gómez.

Ni mpiga piano wa Colombia, mweusi kama sisi, aliyezaliwa Medellín mwaka 1943. Walezi wake walikuwa walinzi wa jengo la Bellas Artes, shule ya sanaa ambako mabinti wa wenye nazo walifundishwa piano. Mchana alichungulia masomo yao. Usiku, jengo likiwa tupu na baba anafanya usafi, alikaa kwenye piano akajaribu yale aliyoyaona. Siku moja mwalimu Marta Agudelo akamfuma. Badala ya kumfukuza, akaanza kumfundisha.

Mimi nimekulia Tanga, kwenye kanisa lenye kinanda kilichofunikwa kitambaa, ufunguo anao mtu mmoja. Kwaya tuliimba sauti nne kwa do-re-mi za ubaoni, tena tuliimba kweli kweli. Lakini mtoto akikisogelea kinanda, anachapwa. Nilichapwa mara mbili.

Huku, binti yangu aliandikishwa shule ya muziki kama mtoto mwingine yeyote. Nilipeleka karatasi za mshahara, ada ikapunguzwa, basi. Hakuna aliyeniuliza mtoto wa mfagizi anatafuta nini kwenye piano. Hilo nawasifu Wajerumani bila kusita. Ila anajifunza nusu saa kwa wiki, yeye na mwalimu tu, na moyo unaniuma kwamba hajaonja kushika sauti ya pili huku mama zake wa sauti ya kwanza wakipaa juu yake.

Teresita naye aliishi Ujerumani. Miaka ya 1980 serikali ya Rais Belisario Betancur ilimteua mwambata wa utamaduni, yaani ofisa wa ubalozi wa mambo ya utamaduni, Ujerumani Mashariki. Kisha akarudi kwao, akafundisha Chuo Kikuu cha Antioquia. Anapiga muziki wa Chopin, mtunzi wa Poland, na anapiga wa Luis A. Calvo, Mcolombia aliyeugua ukoma na kuendelea kutunga muziki huko Agua de Dios, mji walikotengwa wagonjwa. Wote wawili kwa heshima ileile.

Kwa hiyo ndugu zangu wa huku mkisema piano si kitu chetu, mimi nakataa. Kaka yangu sasa ni mzee wa kanisa lile. Nimemwomba kinanda kifunguliwe kila Jumamosi, watoto waingie, posho ya mwalimu nitatuma mimi. Amejibu kwamba wanatafuta ufunguo.