Jumba, Shimba na Kinondo: pa kutangaza na pa kunyamazia

Kila likizo ya shule ikikaribia, Mombasa huanza mjadala uleule. Watu wamechoka na Fort Jesus na Haller Park, basi kwa nini sehemu nyingine zilizo saa moja au mbili kutoka kisiwani hazitangazwi? Wanaotaka zitangazwe husema wageni wakiongezeka walinzi watalipwa, na ardhi haitamezewa mate. Wanaopinga husema utulivu ndio kinga pekee iliyobaki. Ukishaita watu wa mandari utaokota chupa na kusoma majina yaliyochorwa ukutani. Wote wana hoja. Shida ni kwamba wanazungumzia mahali patatu au panne kana kwamba ni mahali pamoja.

Tuanze na Jumba la Mtwana, kilomita 15 hivi kaskazini, ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Ni mji wa karne ya 14 uliohamwa mapema karne ya 15, na mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua mwaka 1972. Matatu za Mtwapa na Kilifi hukufikisha hadi njia panda. Hapo chukua bodaboda au tuktuk, maana kutembea na watoto kwenye jua la saa saba ni adhabu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana kuanzia saa nne hivi asubuhi. Basi angalia magofu kwanza, kisha teremka pwani. Ukibadilisha mpangilio utapata kaburi lenye maandishi ya Qur'ani, yale ya "kila nafsi itaonja mauti", jua likiwa utosini na watoto wakilia njaa.

Kinachoziua kuta za Jumba ni maji na mizizi. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Paa likishaanguka, mvua hunyesha moja kwa moja juu ya ukuta na kuiosha chokaa ya safu ya juu, hadi mawe yakawa yamekaa tu bila kushikwa. Ndege huangusha mbegu za mkuyu katika nyufa, mti ukaota, mzizi ukateremka ndani ya ukuta. Ukiung'oa unaondoka na ukuta. Inabidi shina likatwe na mzizi uachwe ufie humohumo. Kosa jingine ni kuziba ufa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui, kwa hiyo chumvi na unyevu hukwama nyuma yake na jiwe likamung'unyuka huku kiraka kikibaki kizima. Ufa wa ukuta wa chokaa huzibwa kwa chokaa.

Kazi hiyo haiishi, na inahitaji fundi anayelipwa mwaka mzima, si wakati wa sherehe tu. Ndiyo maana, kwa Jumba, naegemea upande wa kutangaza. Hoja ya wapinzani inabaki pale pale kwenye jambo moja: anayepanda ukuta ili apigwe picha anakanyaga ile safu isiyoshikwa na kitu. Mtu mmoja hung'oa mawe mawili, na darasa la wanafunzi 40 huondoka na safu nzima. Dawa yake ni kuingiza makundi madogo pamoja na kiongozi. Kufunga lango hakuondoi mvua wala mkuyu.

Shimba Hills ni habari nyingine. Hifadhi hii iliyo Kwale, kilomita 33 hivi kusini-magharibi mwa Mombasa, ndiyo mahali pekee Kenya unapoweza kumwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, porini. Kutangaza kusikosema ukweli ndiko kunakoiharibia jina. Watu hupanda matatu ya Likoni hadi Kwale, wakifika langoni wanaambiwa hakuna kutembea bila gari, kwa sababu kuna ndovu. Kwa hiyo changeni gari mkiwa bado mjini. Maporomoko ya Sheldrick hufikiwa kwa miguu mkiongozwa na askari wa wanyamapori. Kuteremka ni rahisi, kurudi ndiko kunakotoa jasho, basi kila mtu abebe maji yake, lita moja na nusu angalau. Msivae buluu wala nyeusi, rangi hizo huwaita mbung'o. Masika ya Aprili na Mei barabara za udongo huteleza, na gari dogo hukwama mlimani. Malipo ni kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, kwa hiyo yamalizeni mkiwa na mtandao. Wa kaskazini na wa bara wanaweza kupita barabara ya Dongo Kundu wakaepuka foleni ya feri, hasa Jumapili jioni Diani nzima inaporudi.

Rabai ni safari ya nusu siku kupitia Mazeras. Wamisionari Krapf na Rebmann waliweka kituo chao hapo mwaka 1846, na ni kutoka hapo Rebmann alikwenda bara akauona mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Watu wachache tu hufika, na pana nafasi ya wengi.

Kaya Kinondo, karibu na Diani, ndipo ninapobadili upande. Ni mmojawapo wa misitu mitakatifu ya kaya, yaani makao ya kale ya Mijikenda, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Msitu ni wa hekta 30 hivi, na wazee wa Kidigo wameufungua kwa wageni kwa masharti yao: unafungwa kaniki kiunoni, kofia unavua, huokoti hata jani, na makaburi hayapigwi picha. Watetezi wa utalii husema ada inalipia walinzi dhidi ya wakata miti, nayo kweli inalipia. Lakini kilichouhifadhi msitu huu ni hofu na heshima ya mahali pa kuombea, na heshima hiyo haistahimili foleni. Ukienda, nendeni wanne au watano, muulize kabla ya kupiga picha yoyote, na kiongozi akisimama akasema njia imeishia hapa, hata kama unaiona ikiendelea mbele yako, geukeni.