"Kiingereza tu" darasani: Krashen hakusema hivyo

Kuna bango la "Speak English" langoni, na kuna kibao ambacho katika baadhi ya shule za Afrika Mashariki mwanafunzi huvishwa shingoni akinaswa anazungumza lugha ya nyumbani. Zamani vilitetewa kwa jina la nidhamu. Siku hizi vinatetewa kwa nadharia. Lugha ya pili, wanasema, huingia kwa kusikiwa kwa wingi, basi Kiswahili kitoke darasani Kiingereza kipate nafasi. Shahidi wao ni Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani aliyeeneza hoja ya ingizo linaloeleweka, yaani lugha tunayoisikia au kuisoma tukaielewa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukimsoma mwenyewe, ushahidi wake unaangukia upande wa pili.

Krashen anadai kwamba tunapata lugha pale tunapoelewa ujumbe uliozidi kidogo kiwango tulichofikia, na kwamba hofu na aibu huzuia hata kile tulichokielewa kisituingie. Anayeanza aachwe asikilize kwanza, asilazimishwe kusema. Sauti isiyoeleweka haihesabiki, hata ikimiminwa vipindi vinane kwa siku. Kibao shingoni kinaleta hofu na hakimwelewishi mtoto neno hata moja, kwa hiyo kinaivunja nadharia hiyo mara mbili.

Tuchukue sentensi ya aina ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza Tanzania hukutana nayo katika Biolojia: "Green plants manufacture their own food in the presence of sunlight." Maneno 11. Aliyemaliza shule ya msingi ya serikali, aliyesoma sayansi yote kwa Kiswahili, huenda akayajua 9, na "manufacture" na "presence" zikampiga chenga. Hiyo ni kama asilimia 82. Kwenye mtihani, alama 82 ni A. Kwenye kusoma, ni kufeli. Watafiti wa msamiati Hu Hsueh-chao na Paul Nation, katika utafiti wao wa mwaka 2000, waliwapa wasomaji hadithi yenye viwango tofauti vya maneno yasiyojulikana. Pale neno 1 kati ya 5 lilipokuwa geni, hakuna hata mmoja aliyeielewa vya kutosha. Kiwango walichokipendekeza kwa anayesoma bila msaada ni asilimia 98, yaani neno geni 1 kati ya 50.

Inafaa kuitazama tofauti hiyo kwenye karatasi. Kwa asilimia 98, neno geni hutokea mara moja katika mistari minne au mitano. Kwa asilimia 82, kila mstari una mawili, na ushauri wa "kisia maana kwa muktadha" unakuwa kejeli: neno hulikisii kwa majirani zake wakati majirani nao ni wageni.

Kupima ni rahisi kuliko walimu wengi wanavyodhani. Chagua kipande cha maneno 100 kwenye kitabu cha kiada, kila mwanafunzi apigie mstari asiyoyajua, na karatasi zisiandikwe majina, maana wengi huficha. Yakiwa 2 au pungufu, asome peke yake. Yakifika 5, asome mwalimu akiwapo. Yakifika 15, kipande hicho hakisomeki, kiandikwe upya. Kipimo hiki kina tundu moja: maneno kama "table", "power" na "solution" hayatapigiwa mstari kwa sababu mwanafunzi anaijua meza, wakati kitabu kinazungumzia jedwali. Hayo mwalimu ayahesabu mwenyewe.

Kisichopima kitu ni swali la "Mmeelewa?" na jibu lake la pamoja. Vivyo hivyo mtindo wa mwalimu kusema "photosyn..." na darasa zima kumalizia "thesis!". Darasa linasikika hai, lakini aliyemalizia neno amethibitisha tu kwamba alisikia mwanzo wake.

Kuifanya sentensi ile ieleweke hakuhitaji mitambo. Dakika tatu za Kiswahili kuhusu jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Mchoro ubaoni. Kisha Kiingereza chepesi, "Plants make food. They need sunlight", na ndipo "manufacture" inaletwa kando ya "make", ikarudi tena katika vipindi vinavyofuata, kwa kuwa neno huhitaji kukutwa mara nyingi kabla halijakaa. Dakika tatu zile za Kiswahili ndizo zinazogeuza dakika 37 zilizobaki kuwa ingizo. Bila hizo ni kelele.

Wanaosema hili ni nadharia tupu waitazame Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka katika madarasa ya shule za vijijini vitabu vya hadithi 250 vya Kiingereza kwa kila darasa, na watoto wakawa wanasoma au kusomewa kila siku ya shule. Baada ya miezi 8, uelewa wao wa kusoma na kusikiliza ulikuwa umekua kwa kasi takriban mara mbili ya kawaida.

Wanaompinga Krashen nao wana hoja nzito, na haitoki kwenye mabango. Quebec, jimbo la Canada linalozungumza Kifaransa, tangu mwaka 1965, watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa. Wakakielewa vizuri mno. Ila walipozungumza na kuandika, baada ya miaka mingi, sarufi ilibaki na makosa yaleyale. Mtafiti wa lugha Merrill Swain akahitimisha mwaka 1985 kwamba kuelewa hakutoshi, lazima mwanafunzi asukumwe kutoa lugha kwa usahihi. Mwanaisimu Richard Schmidt akaongeza mwaka 1990 kwamba usichokitambua hukipati. Kwa Mswahili hili ni kweli tupu: kiambishi "a-" hakitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo anaweza kuielewa hadithi nzima bila kujali "he" na "she", kisha akaandika "My mother, he go to market". Na hicho kiwango "kilichozidi kidogo" hakuna aliyewahi kukipimia mizani, jambo ambalo wakosoaji wamelisema kwa haki.

Lakini watoto wa Quebec walikwama baada ya kuelewa. Wetu wengi wamekwama kabla. Dawa ya Swain ifuate, isitangulie: msomee mwanafunzi mara mbili kipande cha maneno 60 ambacho tayari anakielewa, anukuu maneno machache, kisha wanne wanne wakijenge upya kwa maandishi na kukilinganisha na cha asili. Hapo "he" na "she" zinajitokeza zenyewe, na darasa la wanafunzi 80 linazaa karatasi 20 tu za kusahihisha.

Linabaki suala la muda. Mtafiti wa elimu ya lugha mbili Jim Cummins, kwa takwimu za watoto wahamiaji nchini Canada, alikadiria miaka 2 kwa mazungumzo ya kawaida na miaka 5 hadi 7 kwa lugha ya kitaaluma. Hao walizungukwa na Kiingereza hadi dukani. Sekondari ya kawaida Tanzania ni miaka 4. Mwalimu wa Kiingereza peke yake hawezi kuuziba mwanya huo. Kipimo cha maneno 100 kinawahusu zaidi wa Fizikia, Jiografia na Biolojia: wakijumlishwa ndio wenye vipindi vingi, na ndio wanaoleta darasani matini ngumu kuliko zote.