Taya lipate mfupa, mguu ubaki na damu

Mgonjwa wa saratani ya mdomo aliyekatwa taya la chini anaweza kutengenezewa taya jingine kutoka mguuni mwake mwenyewe. Daktari huchukua fibula, ule mfupa mwembamba ulio upande wa nje chini ya goti, akauhamisha pamoja na mshipa wake wa damu, akauchonga ufuate umbo la taya, kisha akaunganisha mshipa huo na mishipa ya shingoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Hiyo ndiyo flapu ya fibula. Ian Taylor na wenzake wa Melbourne walichapisha kazi yao ya kuhamisha mfupa huu ukiwa hai mwaka 1975, na mwaka 1989 David Hidalgo akaeleza namna ya kuutumia kwenye taya. Ni mfupa unaofaa kweli: ni mrefu, unaweza kushikilia meno ya kupandikizwa, na uzito wa mwili hubebwa zaidi na muundi, yaani tibia.

Shida iko kwenye mshipa unaoondoka na mfupa. Chini ya goti, damu ya mguu hugawanywa na ateri tatu: ya tibia ya mbele, ya tibia ya nyuma, na ya peronia, ambayo hupita kando ya fibula. Kwa watu wengi hizo mbili za tibia ndizo zinazolisha wayo, na peronia ikiondolewa wayo hautikisiki. Lakini wapo waliozaliwa na ateri moja ya tibia au zote mbili zikiwa nyembamba mno au hazipo kabisa, na peronia ndiyo iliyochukua kazi. Wapasuaji huiita peronea magna. Viwango vilivyochapishwa vinatofautiana sana, kuanzia chini ya mtu 1 hadi takriban watu 8 katika kila 100. Ukimkata mtu huyo peronia yake, umemkata mguu bila kukusudia.

Je, kila mgonjwa apigwe picha ya mishipa kabla ya upasuaji, au wapigwe wale tu ambao daktari ametilia shaka mapigo ya miguu yao?

Wanaotetea kupima kwa mkono wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Kipimo cha CT cha mishipa huhitaji dawa ya kung'arisha mishipa, na dawa hiyo si ya kumpa ovyo mtu mwenye figo dhaifu. Kuna mionzi. Kuna gharama, na kuna siku za kusubiri zamu ya mashine huku saratani haisubiri. Picha nayo hukosea: mshipa uliojaa chokaa kwa sababu ya kisukari au uzee huonekana umeziba kuliko ulivyoziba, na mgonjwa akanyimwa upasuaji aliokuwa anaustahili. Halafu, kwa miaka mingi madaktari makini wamefanya kazi hii kwa kupapasa mapigo na kuagiza picha pale tu walipokuta kasoro, na wagonjwa wao wengi sana wanatembea.

Hoja hizo nazikubali zote. Kinachonizuia kusimama upande wao ni kile ambacho kidole hakiwezi kujua. Weka vidole juu ya wayo, kati ya mfupa wa kidole gumba na wa kidole cha pili: mapigo yapo. Weka nyuma ya kifundo cha ndani: yapo pia. Kwa mtu mwenye peronea magna mapigo hayo yote yanaweza kuwa mazuri kabisa, kwa sababu karibu na kifundo peronia hutoa matawi yanayoingia kwenye njia zilezile ambazo ateri za tibia zingepita. Kidole kimegusa mshipa sahihi, ila damu iliyomo imetoka kwenye ateri ambayo kesho itakatwa. Mapigo yanakuambia damu imefika. Hayakuambii imepitia wapi. Kwa hiyo kanuni ya "picha kwa mwenye mapigo mabaya tu" inamkosa hasa yule tunayemwogopea.

Tena tuangalie ni nani hulazwa kwenye kitanda hiki. Wengi ni watu wa makamo na kuendelea, na wengi wamevuta sigara miaka mingi. Hata aliyezaliwa na ateri tatu nzuri anaweza kuwa amebakiwa na moja. Na kwa wenye kisukari, mara nyingi peronia ndiyo inayobaki wazi wakati zile mbili zimeziba.

Wengine wanasema yote haya hayana uzito kwa kuwa lipo jaribio la kubana. Nalipenda jaribio hili, na linastahili kuelezwa kwa undani. Peronia ikishafunguliwa na kuonekana, kabla ya kukatwa, bendi inayozuia damu pajani inalegezwa, na peronia inabanwa kwa kibanio laini pale itakapokatwa. Kisha watu wanasubiri. Kusubiri ndiko kunakoharibiwa na haraka, maana mguu uliokaa saa nzima bila damu hauamki papo hapo. Daktari anatazama wayo: anabonyeza kucha, anaachia, anahesabu rangi inarudi baada ya muda gani, kwa ngozi nyeusi anatazama kucha na nyayo, kwani juu ya wayo rangi humdanganya. Anasikiliza ateri zote mbili za tibia kwa dopla, chombo kinachotoa sauti ya damu inapopita. Kipimo cha oksijeni kilichobanwa kwenye kidole cha mguu kinaonyesha wimbi likipanda na kushuka, au mstari uliolala. Lakini mara ngapi wayo huo umefungwa kwa kitambaa cha usafi hadi vidoleni, hakuna anayeuona? Uachwe wazi, au ufunikwe kwa plastiki inayoonyesha.

Ubaya wa jaribio hili ni kwamba linasema kweli kwa kuchelewa. Mara nyingi timu mbili hufanya kazi pamoja, moja mdomoni na nyingine mguuni. Kibanio kinapotoa jibu baya, mguu umeshapasuliwa na taya limeshaondolewa. Hapo kuna kurudi kwenye mfupa wa nyonga, au wa bega, ambao mara nyingi unadai mgonjwa ageuzwe, au kuziba pengo la peronia kwa kipande cha vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Yote yanawezekana, ila kila moja linaongeza saa kwa mtu ambaye tayari amelala muda mrefu. Picha ingesema hayo wiki moja kabla, daktari akiwa amekaa na mgonjwa na kumweleza kwa nini mfupa utatoka sehemu nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni picha kwa kila mmoja anayeweza kupigwa bila madhara, na kwa kijana au mwenye shaka ya mionzi, MRI. Asiyefaa kupewa dawa ya kung'arisha afanyiwe ultrasaundi ya dopla, afuatwe ateri zote mbili za tibia kuanzia gotini hadi kifundoni. Ni kazi ya subira na inategemea mkono wa anayepima, lakini inajibu swali lenyewe la damu inapita wapi. Na jaribio la kubana lifanywe hata kama picha ni safi, kwa sababu picha huonyesha njia bila kuonyesha kama damu inayopita inatosha.

Liko jambo moja ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nalo ni usiku wa kwanza wodini. Muuguzi hukagua flapu mdomoni kila saa: rangi, joto, sauti ya dopla. Mguu umefungwa bendeji na kulala chini ya blanketi. Jeraha lililoshonwa kwa kuvutwa sana, au bendeji iliyokaza misuli inapovimba, linaweza kuubana mguu ambao picha na kibanio viliupitisha. Fomu ya uangalizi ina safu ya flapu. Iongezwe safu ya mguu, ijazwe kila saa, na vidole vya mguu viachwe nje ya bendeji ili muuguzi aweze kuvigusa.