Kilichomo Nyuma ya Sauti ya Mwalimu

Nilisoma nyumbani, katika darasa lenye ubao mmoja na wanafunzi wengi kupita madawati, na sasa huu ni mwaka wa saba nafundisha ughaibuni, ambako kila muhula wanafunzi hujaza fomu ya kumpima mwalimu. Kwa maoni yangu, mwalimu bora kwanza hulijua somo lake, kisha hujua kulifikisha kama mwigizaji anavyoufikisha mchezo kwa hadhira. Akikosa la kwanza, la pili halimwokoi.

Mwalimu wetu wa hisabati hakuwa na kifaa zaidi ya chaki. Alipofika mahali pagumu aliacha kuandika, akageuka na kushusha sauti badala ya kuipaza, nasi wa nyuma tukalazimika kunyamaza ili tumsikie. Kisha aliuliza swali na kutulia, chaki ikiwa bado hewani, hadi mmoja wetu akashindwa kuustahimili ukimya ule na kujaribu jibu. Huku ughaibuni ndiko nilikosoma kwamba Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza ufundishaji wa sayansi, aliona walimu wakisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kukaa kimya wakaanza kuchangia. Waigizaji wanajua tangu zamani kwamba kituo nacho husema.

Katika jambo moja ughaibuni wametushinda. Kabla sijakabidhiwa darasa nilifundishwa kusimama imara, kuvuta pumzi ishuke tumboni na kuielekeza sauti ukuta wa nyuma. Niliona ni mzaha, mpaka nilipoweza kufundisha kwa muda wa saa nne koo lisikwaruze. Nyumbani walimu wetu walimaliza wiki wakiwa wamepwelewa na sauti, na hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya kazi, kama vumbi la chaki.

Zile fomu, hata hivyo, zinanitia shaka. Mwaka 1970 watafiti nchini Marekani walimpa mwigizaji jina la bandia, Dkt. Myron L. Fox, wakamtuma awahutubie wataalamu, wakiwamo madaktari wa akili, juu ya matumizi ya nadharia ya michezo, tawi la hisabati, katika kuwafunza madaktari. Hotuba yake ilijaa mikanganyiko na maneno yasiyo na maana, lakini kwa kuwa aliitoa kwa bashasha na vichekesho, wasikilizaji walimsifu. Namkumbuka kila ninapowapokea wanafunzi wa mwenzangu mmoja, ambaye darasa lake hulipuka kwa vicheko na alama zake kwenye fomu hazishikiki: wanakisimulia kila kichekesho, ila ukiwapa swali la mada ileile wanatazamana.

Nilipoombwa maoni kuhusu fomu hiyo, nilipendekeza liongezwe swali moja tu, mwanafunzi aeleze kwa maneno yake jambo alilolielewa muhula huo. Mihula mitatu imepita, na fomu bado inauliza kama mwalimu alichangamka.