Bwana shamba karudi na fulana

Picha zimeanza kumiminika kwenye grupu letu la kijiji tangu asubuhi: ukumbi wenye kiyoyozi, bango refu la mafunzo ya taarifa za hali ya hewa kwa wataalamu wa kilimo, na bwana shamba wetu mstari wa mbele, fulana mpya kifuani. Hongera zikamwagika. Mimi nimenyamaza.

Simchukii. Kijana anajituma, na pikipiki ya serikali aliyogawiwa 2022 imechakaa kwa njia za huku Dodoma. Kinachoniudhi ni anachorudi nacho kila akitoka huko: "Msimu huu mvua juu ya wastani, pandeni mahindi." Basi. Nabii kashanena.

Utabiri wa msimu hausemi hivyo! Wataalamu wa kanda wakikutana chini ya ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Afrika Mashariki, wanagawa uwezekano mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Tuseme asilimia 45, 35 na 20. Hiyo 20 ni njaa ya mwaka mmoja kati ya mitano, na ndiyo inayodondoka njiani. Redioni inabaki "juu ya wastani". Ikifika kijijini imeshakuwa ahadi. Mvua ikigoma, mkulima anasema wale waongo, na mwakani anarudi kubashiri mvua kwa kuangalia miembe ilivyochanua.

Mfundisheni bwana shamba kuitamka hiyo 20 bila kigugumizi. Aketi na mama mwenye ekari tatu wapige hesabu: mbili mahindi, moja mtama wa mbegu ya Macia unaowahi kukomaa, ili mwaka ukiwa mbaya asikose cha kuweka ghalani. Kama ameshakopa mbolea, hesabu ibadilike. Na ajue kwamba jumla ya milimita haisemi zitanyesha lini. Januari inaweza kumwaga hadi korongo lifurike, Februari ikakauka wiki tatu mahindi yakiwa kwenye mbelewele. Kwenye ripoti huo ni wastani safi kabisa. Gunia halina kitu.

Na si kwamba njia haijulikani. Utaratibu wa PICSA, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Reading kule Uingereza, umeshatumika hapa nchini: wakulima wanaoneshwa kumbukumbu za mvua za eneo lao za miaka mingi, wanahesabu wenyewe zao gani lingepata maji ya kutosha mara ngapi. Hakuna nabii hapo.

Majirani nao wana yao. Oktoba 2023 Rais Ruto aliwaambia Wakenya El Niño haiji tena, ni mvua kubwa tu isiyofika kiwango cha uharibifu. Novemba mafuriko yakazoa watu na nyumba. Uwezekano ukigeuzwa kauli ya ndiyo au hapana, hata ikulu inaumbuka, sembuse ofisi ya kata.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba utabiri wenyewe umeboreka. Zile tahadhari za mvua kubwa za siku chache nazo nzuri, zikifika kabla ya maji.

Semina ijayo ileteni huku, chini ya mwembe wa ofisi ya kata, Oktoba hivi, mbegu zikiwa bado dukani, na wakulima wawepo waulize maswali ya kuudhi. Posho lipeni kama kawaida. Na posho sina ugomvi.