Mkopo wa Nyumba Marekani: Sera Moja, Matokeo Mawili

Takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022 zinaonyesha kuwa familia ya Wazungu iliyo katikati kabisa kwa utajiri ilikuwa na mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni. Familia ya Weusi iliyo katikati ilikuwa na takribani dola 44,900. Tofauti ya mishahara haitoshi kueleza pengo la mara sita. Sehemu kubwa ya maelezo imo kwenye masharti ya mkopo wa nyumba yaliyoandikwa na serikali kuu miaka ya 1930, na mpaka leo wachambuzi hawajakubaliana ni sharti lipi hasa la kulaumiwa.

Kabla ya hapo, aliyetaka nyumba ya dola 6,250 alitakiwa awe na karibu nusu ya bei mkononi. Nusu iliyobaki benki ilimkopesha kwa miaka 3 hadi 5, na mara nyingi alikuwa akilipa riba tu. Deni lenyewe halikupungua hata senti, na siku ya mwisho lilidaiwa lote kwa mkupuo. Kwa kawaida mtu alikopa upya ili alilipe. Uchumi ulipoanguka benki ziliishiwa fedha, mlango wa kukopa upya ukafungwa, na kufikia 1933 nyumba kama 1,000 zilikuwa zikichukuliwa na wadai kila siku.

Serikali ya Rais Roosevelt ilijibu kwa hatua mbili. Kwanza HOLC, shirika la serikali la kuokoa wenye nyumba, lilinunua mikopo zaidi ya milioni moja iliyokwama na kuipanga upya kwa miaka 15. Kisha mwaka 1934 ikaundwa FHA, idara ambayo yenyewe haikukopesha mtu, bali iliziwekea benki bima: mkopaji akishindwa kulipa, mfuko unaifidia benki. Benki iliyoondolewa hofu hiyo ilikubali kutoa asilimia 80 ya bei kwa miaka 20, huku kila rejesho la mwezi likilipa riba na kupunguza deni kwa pamoja. Kwa nyumba ileile, mkopo wa dola 5,000 kwa riba ya asilimia 5 ulimaanisha dola 33 kwa mwezi, kabla ya bima na kodi. Baadaye muda uliongezwa hadi miaka 30, na sheria ya 1944 ya askari waliorudi kutoka vitani ikawapa dhamana ya mkopo, mara nyingi bila malipo ya awali. Kaya zinazomiliki nyumba zilipanda kutoka asilimia 44 mwaka 1940 hadi 62 mwaka 1960. Mageuzi machache ya serikali yoyote ile yamewahi kugusa maisha ya watu wa kawaida kwa kiwango hicho.

Bima, hata hivyo, inahitaji mthamini, yaani mtu wa kukadiria thamani ya nyumba, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwongozo wa wathamini wa FHA ulihesabu mchanganyiko wa rangi mtaani kuwa hatari kwa bei, na ukapendekeza hati za viwanja ziwe na sharti la kuzuia watu wasio Wazungu kuishi hapo. Detroit kuna ushahidi ambao bado unaweza kuugusa kwa mkono. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alinyimwa bima kwa sababu kiwanja chake kilipakana na mtaa wa Weusi. Akajenga ukuta wa zege wenye urefu wa karibu nusu maili na kimo cha futi 6 kati ya mitaa hiyo miwili, na bima ikatoka.

Aliyekosa bima hakukosa hamu ya nyumba. Chicago, familia nyingi za Weusi zilinunua kwa mkataba wa mafungu: dalali alinunua nyumba kwa bei ya chini, akawauzia kwa bei ya juu zaidi, na hati ikabaki kwake mpaka fungu la mwisho lilipwe. Ukikosa mwezi mmoja unatolewa, na yote uliyolipa yanapotea. Mnunuzi huyo alilipa kila mwezi kama mwenzake Mzungu wa kitongojini mwenye mkopo wenye bima, lakini hakujenga akiba yoyote ndani ya nyumba.

Wanaoitetea sera wana hoja zisizostahili kupuuzwa. Umiliki wa nyumba miongoni mwa Weusi nao ulipanda, kutoka takribani asilimia 23 mwaka 1940 hadi 38 mwaka 1960. Zile ramani maarufu za HOLC, zilizopaka nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mkopo, zilichorwa baada ya sehemu kubwa ya mikopo yake kutolewa. Shirika hilo liliwakopesha Weusi pia, na wakazi wengi wa mitaa myekundu walikuwa Wazungu maskini. Tena mfuko wa bima usingedumu kama ungedhamini nyumba chakavu bila kujali hasara.

Hoja ya ramani naikubali: tumeilaumu sana karatasi ya rangi na kuusahau mwongozo wa FHA, ambao ndio uliokuwa na fedha nyuma yake. Hoja ya tahadhari haisimami. Sharti la rangi halikupima ubovu wa paa wala kipato cha mkopaji. Mtu Mweusi mwenye kazi nzuri alikataliwa katika nyumba mpya kabisa, na Levittown ya New York, kitongoji kipya chenye nyumba zaidi ya 17,000, kilimfungia mlango kwa maandishi.

Sheria ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika nyumba, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Mwaka huohuo sheria nyingine ikawafungulia mikopo watu wa kipato cha chini, malipo ya awali yakiwa dola 200 tu na serikali ikibeba sehemu ya riba. Wahafidhina hupenda kuutaja mpango huu kama ushahidi kwamba serikali ikiwasaidia maskini huwaumiza, na kweli uliumiza. Kwa kuwa bima ilifidia deni lote, benki haikuwa na sababu ya kukagua nyumba. Walanguzi walinunua nyumba mbovu, wakazipaka rangi, wakawahonga wathamini, wakauza kwa bei ya kupaa. Mabomba yalipopasuka mnunuzi hakuwa na fedha ya fundi. Akahama, na Detroit ikabaki na maelfu ya nyumba tupu mikononi mwa serikali. Rais Nixon akausimamisha mpango huo Januari 1973. Mimi nasoma humo kosa la ukaguzi, kwa sababu bima hiyohiyo iliwafaa Wazungu kwa miaka 30 pale nyumba zilipokuwa mpya na kukaguliwa.

Leo mvutano umehamia kwenye fidia. Evanston, Illinois, iliamua Machi 2021 kuwapa wakazi Weusi walioishi hapo kati ya 1919 na 1969, au wazao wao, dola 25,000 za nyumba, kutokana na kodi ya bangi. Mpango huo umeshtakiwa mahakamani kwa kutumia rangi kama kigezo, na wapo Weusi wanaosema kiasi chenyewe ni kidogo. Njia ninayoiona imara zaidi ni msaada wa malipo ya awali kwa mtu ambaye wazazi wake hawakuwahi kumiliki nyumba. Kigezo hicho kinalenga hasara yenyewe na ni vigumu kukipinga mahakamani. Udhaifu wake ni kwamba kinawaacha nje watoto wa wale waliofanikiwa kununua Chicago kwa mkataba, wakalipa mara mbili ya thamani, na kwenye fomu wanahesabiwa kuwa familia ya wamiliki.