Sogea Kwanza, Telekonveta Baadaye

Kila anayeanza kupiga picha za ndege huniuliza swali lile lile: anunue telekonveta (kipande cha vioo kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kukuza picha) ya 1.4x au ya 2x? Jibu langu ni ya 1.4x, na hata hiyo isubiri kwanza.

Chukua lenzi ya milimita 400 yenye f/5.6; namba ya f ikipanda, mwanga unaoingia hupungua. Ukiipachika ya 1.4x unapata milimita 560, lakini nusu ya mwanga imepotea na sasa uko kwenye f/8. Ya 2x inakupa 800, ila umebakiwa na robo tu ya mwanga, yaani f/11. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Ziwa Naivasha, furukombe wanapoanza kuitana juu ya migunga, mwanga huo unauhitaji wote. Furukombe anayeshuka kunyakua samaki anataka shata, yaani pazia la kamera, ifunguke kwa 1/2000 ya sekunde tu. Kwa f/11 utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka kifua chake cheupe kionekane kama kimemwagiwa mchanga. Otofokasi, yaani kamera kujilenga yenyewe, nayo huanza kusitasita, hasa kwenye kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi ndani, ambazo nyingi mwisho wa kujilenga kwake ni f/5.6 au f/8.

Halafu kuna mazigazi. Ikifika saa tano hewa juu ya maji na nchi kavu hutetemeka kwa joto, na lenzi ndefu hukuza mtetemo huo pamoja na ndege. Nimeona watu wakilaumu lenzi nzuri kabisa kwa kosa la jua.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mdiria mwenye madoa meusi na meupe, akiwa juu ya funjo lililopinda. Nahodha wa boti alizima injini, tukakaa kimya karibu dakika arobaini. Mdiria alikuwa akirudi kwenye funjo lile lile kila baada ya kupiga mbizi, nasi tukaacha boti isukumwe na upepo taratibu hadi karibu. Nilitumia milimita 400 bila kuongeza chochote, na kila unyoya unahesabika.

Lakini ziko siku ambazo kusogea ni kosa, na hapo ndipo naitetea telekonveta kwa moyo wote. Ndege akiwa kwenye kiota, kaa mbali. Akiacha mayai kwa sababu yako, hakuna picha inayoweza kufidia hilo. Vivyo hivyo kwa ule mtindo wa kumpigia furukombe mluzi na kumrushia samaki ili ashuke mbele ya boti. Najua nahodha anatafuta riziki na wageni ndio wanaoomba, lakini mimi nimeacha kuomba. Namlipa muda wake ule ule, tunakaa mbali na mti, nafunga ya 1.4x na kungoja furukombe avue mwenyewe. Asubuhi nyingine havui kabisa.

Kabla ya kununua, hakikisha telekonveta inaingiana na lenzi yako. Lenzi nyingine hazina nafasi nyuma, vioo vitagongana. Ipachike dukani, piga kitu cha mbali, kisha ikuze picha uone kama ukali unakuridhisha. Ya 2x niliyokuwa nayo niliiuza, na fedha zake zikalipia boti asubuhi kadhaa.